Boti kubwa barabarani: lini ipande trela, lini mafundi waifuate ilipo

Boti kubwa ikitoka majini hubadilika umbo. Kwa macho huoni kitu, lakini mlango wa kabati uliokuwa ukifunga vizuri jana huanza kugoma, na shafti ya propela iliyokuwa ikizunguka bila mtikisiko inakuwa imetoka kwenye mstari wake. Majini bodi ilibebwa kila mahali kwa wakati mmoja. Nchi kavu inasimama juu ya mkuku, yaani uti wake wa chini, na nguzo chache za pembeni. Naanzia hapa kwa sababu mjadala wa kupeleka boti za kifahari karakana kwa njia ya barabara huanzia karibu kila mara kwenye kilomita na bei ya lori, na naamini hapo ndipo wenye boti wengi wanapopotea. Swali la kwanza liwe hili: ili boti hii ipite barabarani, itabidi ifunguliwe nini?

Barabara ina vipimo vyake na haijali thamani ya mzigo. Katika Umoja wa Ulaya, lori la kawaida lenye semi-trela halitakiwi kuzidi upana wa mita 2.55, kimo cha mita 4, urefu wa mita 16.5 na uzito wa tani 40. Marekani kikomo cha upana ni karibu mita 2.6 na uzito tani 36 na ushei. Boti ya mita 15 huwa na upana wa zaidi ya mita 4, kwa hiyo tangu mwanzo ni mzigo wa kibali maalumu: magari ya kusindikiza, saa maalumu za kupita, na mtu aliyetangulia njia yote akipima madaraja na nyaya. Kwa wasafirishaji wenye uzoefu hayo ni mambo ya kawaida. Boti ya mita 24 ni habari nyingine. Upana wake hukaribia au kupita mita 6, uzito wake unaweza kuwa tani 50, 80 au zaidi, na njia moja ya magari kwa kawaida ina upana wa mita 3.5. Boti hiyo inaifunga barabara nzima ya njia mbili, na anayekuja kutoka upande wa pili hana pa kupita.

Hata hivyo, wanaoitetea barabara wana hoja nzito. Chukua boti ambayo injini yake imekufa au bodi yake inavuja. Kuipeleka karakana ya mbali kwa kuvuka bahari wazi ni kuhatarisha maisha ya watu, iwe inajiendesha yenyewe au inakokotwa. Hata boti nzima hulipa gharama ya safari: ikienda kasi, boti ya mita 24 hunywa mamia ya lita za dizeli kwa saa, injini zinaongeza saa za kazi, mabaharia wanalipwa, na wote wanakaa bandarini wakisubiri hali ya hewa itulie. Lori halisubiri mawimbi, ingawa nalo huusubiri upepo, maana boti iliyo juu ya trela ni ukuta mrefu.

Ipo pia sababu ya ufundi. Kupaka rangi bodi kubwa kunataka banda lililofungwa, lenye joto na unyevu vinavyodhibitiwa. Faibaglasi iliyonyonya maji mpaka ikatoka malengelenge inahitaji kukaushwa kwa muda mrefu kabla ya kuzibwa. Banda la namna hiyo, lenye watu wanaoijua kazi, si lazima liwe kando ya bahari. Kama boti itakaa nje ya maji miezi sita kwa vyovyote, kuitoa majini si gharama ya ziada ya usafiri. Ni sehemu ya matengenezo yenyewe. Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu kuliko zote za upande huu.

Na kubeba vyombo juu ya nchi kavu si jambo la leo. Mwaka 1453 Sultani Mehmed wa Pili alivivusha vyombo vyake vya vita juu ya vilima, vikiteleza kwenye magogo yaliyopakwa mafuta, vikaingia Pembe ya Dhahabu, ghuba ya Konstantinopoli (Istanbul ya leo), nyuma ya mnyororo uliokuwa umeifunga. Mwaka 1915 Waingereza walizibeba boti mbili za urefu wa mita 12 hivi, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town hadi Ziwa Tanganyika kwa reli, kwa mashine za mvuke na kwa ng'ombe, wakizipandisha milima ya Mitumba huko Kongo. Lakini tuangalie vizuri visa hivyo vinasema nini. Watu wale walipita nchi kavu kwa sababu njia ya maji haikuwepo au ilikuwa imefungwa. Boti ya kifahari iliyo baharini, ikielekea karakana nyingine iliyo baharini, kwa kawaida haina udhuru huo.

Sasa nirudi kwenye kile kinachofunguliwa. Kwa boti ya injini, vinaanza kushuka vitu vya juu: nguzo za rada, antena, kioo cha mbele, pengine sehemu nzima ya usukani wa juu. Kila kimoja kina nyaya zake, mabomba yake na gundi yake ya kuzuia maji, na kila kiungo kilichofunguliwa ni mahali papya pa kuvuja. Matangi ya maji yanamwagwa, maana kila lita 1,000 ni tani nzima, na tangi lililojaa nusu linachezesha mzigo kwenye kona. Hata kuifunika boti kwa plastiki, jambo ambalo wengi hulidhani ni ulinzi, kunaweza kuwa hasara: plastiki ikichanika kwenye mwendo wa lori hupigapiga na kukwangua rangi mpaka mwisho wa safari.

Kwa boti ya matanga, mlingoti unang'olewa, na wakati mwingine mkuku pia, ili kimo kipungue. Hapa nasihi uangalifu kuliko mahali pengine popote. Mei 2014 boti ya matanga Cheeki Rafiki ilipoteza mkuku wake katika Atlantiki na mabaharia wanne wakafa. Wachunguzi wa Uingereza walieleza kwamba kugonga mwamba au mchanga huko nyuma, pamoja na matengenezo yaliyofuata, huenda vilidhoofisha sehemu ambayo mkuku unashikana na bodi. Boti ile haikuwa imetoka juu ya lori, na siitaji kwa ajili ya kutisha watu. Naitaja kwa sababu inaonyesha kiungo kile kinabeba nini. Mtu anayesema mkuku utafunguliwa "ili tupite chini ya daraja" anazungumzia bolti zinazoshikilia uhai wa wote walio ndani. Upande wa pili wa jambo hili ni kwamba bolti za mkuku zinapaswa kukaguliwa mara kwa mara, na bila kuufungua ni vigumu kuziona zote. Kama karakana inayopokea ilikuwa itaufungua hata hivyo, basi safari imeipa fursa. Kama haikuwa na mpango huo, safari imezaa kazi ya hatari ambayo boti haikuihitaji.

Ajali zinazoogopwa sana ni za barabarani: kona kali, daraja la kimo kidogo, breki. Mimi naogopa zaidi dakika ishirini za kuinua na dakika ishirini za kuteremsha. Mikanda ya kreni ikiwekwa mahali pasipo na ukuta wa ndani wa kubeba mzigo, inaubana ubavu wa boti. Ikikaa juu ya shafti, inaipinda. Juu ya trela uzito unatakiwa kukaa kwenye mkuku, na nguzo za pembeni kazi yake ni kuzuia boti isilale, zikiegemea mahali penye taruma (mbavu za boti) au kuta za ndani. Nguzo ikikazwa katikati ya ubao mtupu wa faibaglasi, kila tuta la barabara ni nyundo. Michoro ya mtengenezaji huonyesha mahali pa mikanda. Kuiomba michoro hiyo kabla ya siku ya kuinua ni jambo dogo, na msafirishaji asiyeiulizia amejieleza mwenyewe.

Kuhusu bima, wenye boti wengi wanaamini wamekingwa na hawajakingwa. Bima ya chombo cha baharini mara nyingi haifuati chombo kikipanda lori mpaka kiongezwe kifungu cha safari ya nchi kavu. Yule wa lori naye wajibu wake una kikomo. Kwa safari za kuvuka mipaka chini ya CMR, mkataba wa kimataifa wa kubeba mizigo kwa barabara wa mwaka 1956, pamoja na itifaki yake ya 1978, msafirishaji kwa kawaida hawajibiki zaidi ya vipimo 8.33 vya Haki Maalumu za Kutoa Fedha (SDR, kipimo cha fedha cha IMF) kwa kilo moja ya mzigo. Kipimo kimoja kina thamani ya dola moja ya Marekani na kidogo juu. Boti ya tani 20 iliyoharibika kabisa italipwa vipimo 166,600, hata kama bei yake ni mara kumi ya hapo. Kanuni hiyo inapima kilo, na boti ya kifahari si saruji. Mkataba wenyewe unaruhusu thamani kubwa zaidi itajwe kwenye hati ya mzigo kwa malipo ya ziada, na kama dirisha hilo lipo sioni kwa nini mtu asilitumie.

Kuna wengine ambao hawahesabiwi kwenye mkataba wowote. Oktoba 2012 chombo cha angani Endeavour kilipitishwa kilomita 19 katika mitaa ya Los Angeles, mabawa yake yakiwa na upana wa mita 24 hivi, na miti karibu 400 ikakatwa kukipisha. Kile kilikuwa kinakwenda makumbusho, kuonwa na watu wote, na bado wakazi walilalamikia kivuli chao. Boti ya mtu mmoja inapotaka nyaya zishushwe na njia ifungwe usiku kucha, wanaoishi kando ya njia hiyo wana haki ya kuuliza wanapata nini. Kibali hakiwezi kuwa jibu la kila kitu. Kwa boti za mita 24 na kuendelea, jambo hili peke yake lingenitosha kutafuta njia nyingine.

Na njia zipo. Kuna meli zinazojaza maji kwenye matangi yake mpaka sitaha inazama, boti zinaingia zikielea, kisha meli inayasukuma maji nje na kuinuka nazo. Yacht Express, iliyoanza kazi mwaka 2007, ilijengwa kwa shughuli hiyo hasa. Kwa umbali mfupi, kutoka gatini hadi bandani, kuna majukwaa ya magurudumu mengi ambayo kila seti hujigeuza yenyewe na haidroliki hulinda mzigo usiiname. Hubeba mamia ya tani kwa mwendo wa mtu anayetembea, na hapo nchi kavu ndiyo mahali pake. Njia inayosahaulika ni kuwapeleka mafundi. Fundi wa injini, mpaka rangi na mkaguzi wanasafiri na masanduku ya vifaa, na hema la kupakia rangi linasimamishwa juu ya boti kwenye chelezo iliyo karibu. Ni ghali kwa siku, na kazi hailingani kila mara na ile ya banda la kudumu. Lakini hakuna kilichofunguliwa ambacho hakikuwa kimeharibika.

Boti ya mita 14 yenye upana wa mita 4.3, injini imekufa, ikihitaji miezi bandani: ningeiweka kwenye trela bila kusita, thamani yake ikiwa imeandikwa kwenye hati ya mzigo na picha za kila ubavu zikiwa zimepigwa kabla mikanda haijagusa. Ningeongeza sharti moja kwenye mkataba wa karakana. Siku ya kuirudisha majini, shafti isifungwe moja kwa moja. Iachwe ielee siku moja au mbili bodi irudie umbo lake, ndipo fundi ashuke na kipimo chake.