Ndogo Mia Tatu, Kubwa Mia Tano

Mia tatu, jamani. Nimetozwa shilingi mia tatu kukojoa mahali nilipokojoa bure utoto wangu wote, na nimeondoka pale nadaiwa.

Mama watoto kanituma Kariakoo kufuata mpira wa presha kuka. Ya huku kwetu Kimara anasema feki, kana kwamba ya Kariakoo hushushwa na malaika. Nikapanda mwendokasi, nikasimama kwa mguu mmoja mpaka Gerezani. Wa pili ulikuwa chini ya mtu na sikuona haja ya kuudai. Kushuka tu, kibofu hicho. Nina sukari mimi. Miaka ile tulikuwa tunaamkia foleni ya sukari dukani, unarudi mchana na kilo moja ya kaya nzima. Leo ninayo tele mwilini na hakuna jirani anayekuja kuazima.

Nikamuuliza machinga mmoja wa soksi choo kiko wapi. Akanielekeza kwenye ghorofa la vioo: "Shuka chini kabisa mzee wangu, pita kwenye mabegi, ukiona mapazia kata kushoto." Nikasimama kwanza nipate dira. Zamani hukupotea Kariakoo, unanyanyua uso tu, unaona lile paa la soko kuu, miamvuli ya zege aliyoichora Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Tangu moto wa Julai 2021 nimekuwa nalitafuta kwa macho kila nikija, ila maghorofa yameziba pande zote, unaona matangazo ya madera tu. Nikageuka, na ndipo nikauona msikiti mdogo wa ng'ambo ya barabara. Mtaa wa Sikukuu huu, mtaa wetu! Nikahesabu milango kutoka kona. Ghorofa la vioo limekaa juu ya nyumba tuliyokulia. Chumba cha nne, mkono wa kulia ukiingia kutoka barazani: baba, mama na watoto sita, kitanda cha futi nne na pazia katikati.

Nikashuka. Mbele ya mlango wa choo kakaa kijana na meza yake. Juu ya meza kuna karatasi za choo, zimeshakatwa, kila mja na fungu lake.

"Ndogo mia tatu, kubwa mia tano. Wewe ipi?"

Kwa sauti. Mbele ya watu. Mimi mtu mzima, shati la mikono mirefu nimelichomekea, natakiwa nitangaze hadharani. Enzi zetu haja ya mtu ilikuwa siri yake yeye na wapangaji wote wa nyumba, basi, haikuvuka mlango wa barazani.

"Kijana," nikamwambia, nimejivuta kidogo, "unajua uliposimama?"

"Nimekaa, mzee."

"Hapo ulipokaa unapajua?"

"Kwenye stuli."

"Hapo palikuwa na mpapai! Na hapo unaponitoza pesa ndipo kilipokuwa choo chetu. Nimekulia hapa. Nimejisaidia hapa kabla baba yako hajavaa kaptula."

Akanitazama vizuri. Heshima ikamwingia, akainuka nusu. "Kumbe nyumba ya hapa ilikuwa yenu?"

Nikakohoa. "Tulipanga."

"Aaa." Akakaa. "Mia tatu, mzee."

Foleni nyuma imeshafika kwenye mapazia. Mama mmoja wa Lubumbashi, marobota mawili kichwani kwa kijana wake, akasema, "Papa, ulipe tu, bisi itatuacha." Bwana mwingine akapendekeza nichangiwe. Nichangiwe! Sikukuu! Nikatoa noti ya elfu kumi kwa hasira, kumbe najipeleka mwenyewe. Chenji hana. "Lipa namba ile pale ukutani." Haya, toa miwani, futa miwani, soma namba, bonyeza nyota, bonyeza alama ya reli, magoti nimeyabana, jasho linatiririka mpaka kwenye kola. Simu inaniuliza kama nina uhakika. Nina uhakika! Kama kuna jambo nililowahi kuwa na uhakika nalo ni hili! Weka namba ya siri. Mtandao unasumbua, jaribu tena baadaye.

Baadaye!

Yule mama wa Lubumbashi akanilipia. Naomba jambo hilo lisifike Kimara.

Nikaingia, nikafanya nilichofuata, nikashindwa kutoka. Nikawa napima. Bafu lilikuwa hapa, bomba pale, jiwe la kufulia pale. Mlango wa choo ulikuwa wa bati, komeo lilikufa kabla sijazaliwa, kwa hiyo komeo ulikuwa ni wewe mwenyewe: ukisikia kandambili zinakuja unakohoa. Kila mpangaji na kikohozi chake, tukawajua wote gizani. Mzee wa chumba cha mbele, karani wa bandarini, hakukohoa. Alisafisha koo mara moja, kiserikali, na asubuhi alikaa humo mpaka kina mama wanaanza kumsemea kuku: "We kuku, hutaki kutoka? Wenzio wana kazi!"

Ndani ya choo kile kuna mali. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi, kila aliyekuwa na katoni mbili za kitu chochote hakulala. Sabuni ilikuwa haionekani, mama zetu walikuwa wanafulia majani ya huo mpapai. Usiku mmoja tukasikia kishindo, puu, halafu puu nyingine, halafu kikohozi ambacho si cha mtu yeyote tunayemjua. Asubuhi hakuna aliyeuliza. Mvua ya kwanza kunyesha, shimo likafura, povu likapanda likatoka chini ya mlango wa bati, likatambaa uani jeupe, linanukia vizuri, nyumba nzima tumesimama na ndoo tunaliangalia linapita. Mama alilia. Miezi mingapi anafulia majani, na sabuni ilikuwa hatua kumi kutoka kitandani kwake! Mpangaji wa chumba cha tano peke yake ndiye aliyesema ni hali ya hewa.

"Mzee!" Ngumi mlangoni. "Mzee, hiyo si ndogo tena! Ongeza mia mbili!"

Ndilo deni lenyewe.

Nikapanda ngazi kutafuta mpira wangu wa presha kuka, hasira imenipanda kwa kweli. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapo hapo Kariakoo, likaua watu, na sisi bado tunashuka chini ya zege kutafuta choo na kubembeleza chenji. Nyumba iliyolala kaya sita usiku halali mtu, ni makufuli na mlinzi. Warithi waligombana, wakauza, wakagawana, wakagombana tena juu ya walichogawana. Sisi wapangaji hata kugombana hatukualikwa.

Na nyumba ile ilijua kugombana. Mama mwenye nyumba, Mungu amrehemu, alikuwa Yanga wa kutokwa na machozi. Alikuwa na redio, sisi tulikuwa na masikio, mpira ukitangazwa korido nzima inajaa: Yanga upande wa chumba chake, Simba upande wa uani, karibu na choo, kwa amri yake. Mwaka 1977 Simba ikaipiga Yanga sita bila, Kibadeni peke yake matatu. La nne lilipoingia redio ikazimwa, akasema betri zimekwisha. Redio ya umeme ile! Tukakimbilia dirisha la nyumba ya pili, kila goli tunarudi kumpa taarifa ambayo hakuiomba. Mwezi uliofuata kodi ikapanda, upande wa uani tu.

Umeme nao alituzimia saa nne usiku kamili. Mita moja, vyumba sita, na pasi ya chumba cha tano aliisikia kwa pua.

Siku hizi waliobaki tuko kwenye kundi la WhatsApp, tumelipa jina la mtaa. Nilipofika nyumbani nikaandika kwamba nimepita pale, nikategemea watu waulize nimeona nini. Wakaanza kubishana kama ule mti wa uani ulikuwa mpapai au mstafeli. Mpaka saa tano usiku. Mmoja yuko Muscat, hajarudi tangu miaka ya themanini, ndiye mwenye uhakika kuliko wote.

Kumbe bado. Leo asubuhi nafungua simu, nimeshaingizwa kundi jingine bila kuulizwa: Kamati ya Send-off. Mjukuu wa mama mwenye nyumba anaolewa. Wa kwetu huyo, wameandika, damu ya Sikukuu. Kadi ya mtu mmoja laki moja, ya wawili laki na nusu, kikao kila Jumapili, mweka hazina ni yule yule wa chumba cha tano. Mtu aliyemwaga sabuni chooni leo ndiye tunayempa fedha ashike! Na ananiandikia pembeni, "Kaka, wewe ni mtu wa nyumbani, tunategemea uchukue ya wawili."

Nimepima. Laki na nusu sina. Laki moja nitaipata nikiuza kitu ambacho mama watoto hatakiona haraka. Kwa hiyo ni kadi moja, na tangu asubuhi tunabishana nani kati yetu aende kula. Yeye anasema mimi nina sukari, nitafanya nini kwenye pilau na soda. Mimi nasema hamjui hata mtu mmoja. Anasema atawajua kwa vikohozi.