Timu ni moja au ni wengi?

Jana mwanangu kaja na daftari la Kiingereza. Kaandika "the team are playing", mwalimu kaikata kwa kalamu nyekundu. Imeniuma, maana mtoto hajakosea! Waingereza wenyewe husema hivyo kila siku wakitangaza mpira: wanawafikiria wachezaji mmoja mmoja, basi kitenzi kinakuwa cha wingi. Wanaoshikilia "the team is" hasa ni Wamarekani. Sasa Kiingereza chetu Tanzania kililetwa na Waingereza, halafu mtoto anaadhibiwa kwa kukisema kama wao?

Na "police" je? Hiyo ni "the police are" popote, London hata Chicago. "News" ina s mwishoni, lakini ni "the news is". Mtoto ashike lipi? Kwetu timu imeshinda, jeshi limefika, kamati imekaa, ngeli inakuongoza.

Mwalimu angeandika tu pembeni kwamba zote mbili zipo, ila ukianza na moja uende nayo hadi mwisho wa insha. Mtoto kalala amenuna. Kesho naenda shuleni na lile daftari, arudishiwe alama zake mbili.