Kujitolea Bonn si Kujitolea Kigoma

Mdogo wangu aliyeko Mwanga, Kigoma, ameniuliza kama ajitolee katika shirika la misaada linalohudumia wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu, na nimechelewa kumjibu kwa sababu neno hilo moja lina maana mbili katika miji miwili ninayoifahamu.

Hapa Bonn, Ujerumani, mzee mstaafu ninayepakana naye huenda kuwaandalia chai wachangia damu wa Msalaba Mwekundu. Pensheni yake inaingia na bima ya afya anayo, hivyo anachotoa ni muda tu. Vijana nao wana mpango wa serikali ulioanzishwa mwaka 2011, ambao humpa anayejitolea fedha kidogo za matumizi na kumlipia bima.

Kwetu, tangu Nyarugusu ifunguliwe mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, gari jeupe la shirika limekuwa alama ya ajira, na kijana anayesema anajitolea mara nyingi anasubiri nafasi itokee. Simlaumu. Mojawapo ya misingi saba ya Msalaba Mwekundu, iliyotangazwa Vienna mwaka 1965, ni huduma ya kujitolea isiyosukumwa na tamaa ya faida. Naiheshimu, ila sioni kama kutafuta nauli ya Kasulu, wilaya iliko kambi hiyo, ni tamaa.

Mwaka 2015, Warundi waliokimbilia Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa, walipokumbwa na kipindupindu na meli ya MV Liemba ikawa inawaleta Kigoma mjini, nami nilikwenda kujitolea katika uwanja wa Lake Tanganyika walikopokelewa. Nilijiona mwokoaji. Kazi niliyopewa ilikuwa kusimama kando ya ndoo ya maji yenye klorini na kuwahimiza watu wanawe mikono, maneno yale yale, kutwa nzima. Kufikia siku ya nne huruma niliyokwenda nayo ilikuwa imechoka, nikabaki na ndoo. Na nadhani hapo ndipo mtu hujijua, kwa maana ndoo ile ilikuwa na faida kuliko machozi yangu. Posho tuliyoahidiwa kwa mdomo haikutolewa. Mama ndiye aliyenilisha majuma yote yale, kwa hiyo kwa hesabu ya haki aliyejitolea ni yeye.

Ndiyo maana sikumuuliza mdogo wangu kama ana moyo wa huruma, kwani anao. Nilimuuliza nani atamlisha hadi Desemba, kama saa za kazi, posho na matibabu akiumia vimeandikwa mahali, na kama ataridhika kusimamia foleni ya mgao miezi sita bila kupewa kazi nyingine. Akajibu kwamba nyumbani wanamtegemea alipe ada ya mtoto wa dada yetu mwezi Januari.

Basi nimemshauri aombe kazi ya mkataba katika mashirika hayo hayo, aseme wazi kwamba anatafuta mshahara, na Jumamosi zake azipeleke kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza. Bado hajaniambia ameamua nini.