Jua Kwenye Picha Lipewe Kazi

Pitia picha za pwani yetu zinazowekwa mitandaoni jioni yoyote, utakutana na jua lile lile: duara la rangi ya chungwa katikati, bahari chini, mbingu juu, basi. Watu huzipenda, na sioni ajabu, kwani machweo ni mazuri. Ila uzuri wa jioni ile aliufaidi aliyekuwepo. Sisi tunaotazama picha hatujaonyeshwa kitu. Mimi naamini hivi: mandhari isiyosimama bila jua haitasimama kwa kuongezewa jua. Panga picha yako kwanza, na jua liingie kwa sababu lina kazi ya kufanya humo.

Kinachowaponza wengi ni ukubwa. Angani jua lina upana wa takriban nusu digrii, iwe asubuhi, adhuhuri au jioni. Tunapoliona limevimba likikaribia maji, ni akili zetu tu. Lenzi haina akili hiyo. Ukitumia lenzi pana ya milimita 24 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha upana wa milimita 36), na kamera kuu za simu nyingi haziko mbali na hapo, jua zima linachukua kama sehemu moja ya 160 ya upana wa picha. Picha ikiwa na pikseli 6,000 kwa upana, jua halifiki hata pikseli 40. Lile doa kubwa jeupe linaloonekana mara nyingi si jua, ni mwanga uliozidi kiasi ukafuta rangi za pembeni. Ukihamia lenzi ya milimita 400, jua linakuwa sehemu ya kumi ya upana wa picha, na hapo sasa lina umbo. Lakini ufukwe umetoka, minazi imetoka, mji umetoka. Lazima uchague unachokipiga: jua, au mahali.

Na pamoja na udogo wake, jua halikubali kuwa la pili. Jicho hukimbilia penye mwanga mkali, na hakuna kitu kwenye fremu kitakachoshindana nalo. Linaingia kama mgeni mzito barazani: kila aliyekuwa akizungumza ananyamaza na kugeuka. Kwa hiyo ile kanuni tunayofundishwa, ya kuweka kitu muhimu kwenye theluthi ya picha, haitoshi peke yake. Ukilisukuma jua pembeni bila kuweka kitu chenye uzito upande wa pili, picha inalala upande mmoja. Mbuyu unaweza kulibeba. Jahazi lililo karibu na lenye tanga lililojaa upepo linaweza. Ndege mmoja mdogo kule mbali hawezi.

Juu ya maji kuna tatizo jingine, na hili naliona halizungumzwi vya kutosha. Mng'ao wa jua baharini hutengeneza njia inayotoka kwenye upeo wa macho na kuja moja kwa moja hadi miguuni pako. Ukisogea hatua mia kulia, njia inakufuata. Huwezi kuikwepa kwa kutembea. Kila mtu aliyesimama pale Forodhani, Zanzibar, ana njia yake. Maana yake ni kwamba ukilipiga jua juu ya bahari hupigi jua peke yake, unachora pia mstari wima unaoikata nusu ya chini ya picha. Jua likiwa katikati, umepata vipande viwili vinavyofanana na havina la kusema. Ninachopendekeza ni kuusubiri mstari huo ukatwe: ngalawa ipite juu yake, mtu avuke maji yakiwa yamekupwa, au fungu la mchanga lijitokeze. Chombo kikiwa ndani ya njia ile unaona kila kitu chake, matengo, mlingoti na kamba. Kikiwa nje yake kidogo tu, kinazama kwenye weusi wa maji.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo linaloniuma. Kwa kuwa kamera haiwezi kushika jua na uso wa mtu kwa pamoja, njia rahisi ni kupunguza mwanga hadi kila kilicho mbele ya jua kiwe cheusi. Njia hiyo ina mahali pake, hasa umbo likiwa limejitenga vizuri: mikono mbali na kiwiliwili, tanga lisigusane na tanga jingine. Lakini imekuwa mazoea. Mvuvi wa Kizimkazi, mwanamke wa Jambiani anayelima mwani, baharia wa Lamu, wote wamegeuzwa maumbo meusi ya kupamba jua la mtu mwingine. Watu hawa wana nyuso. Kama aliyeko kwenye picha ndiye aliyekufanya usimame, basi geuka, lipe jua mgongo, umpige yeye akiwa ameangazwa nalo. Jua litakuwa limefanya kazi kubwa zaidi kuliko kama lingekuwa ndani ya fremu.

Kuhusu kulificha jua nusu, mimi ni mfuasi. Jua linalochungulia ukingoni mwa shina la mnazi, kwenye pembe ya ukuta au nyuma ya foromali, boriti inayobeba tanga, hupunguza makali, na ukibana tundu la lenzi hadi f/16, yaani liwe dogo sana, linatoa miale kama nyota. Lenzi yenye mapanga sita ya tundu itakupa miale sita. Yenye saba itakupa 14, kwa sababu idadi witiri huzaa miale mara mbili yake. Yale madoa ya rangi yanayoruka ndani ya lenzi nayo hupungua, na yakibaki hujipanga kwenye mstari unaotoka kwenye jua kupita katikati ya fremu, hivyo hatua ndogo ya kando inaweza kuyaondoa usoni mwa mtu. Ila tafadhali, usilitazame jua kupitia tundu la kuchungulia la kamera yenye kioo (DSLR), hasa kwa lenzi ndefu. Tumia skrini.

Haya yote yanataka muda, na muda ndio hatuna. Mafunzo mengi ya intaneti yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako jua hushuka kimshazari na jioni hujivuta. Huku karibu na ikweta linashuka karibu wima. Kutoka kugusa upeo hadi kuzama lote ni dakika mbili na sekunde kidogo. Usifike ndipo uanze kutafuta mbele ya picha kuna nini.

Tena lina ratiba ya mwaka. Kutoka Mji Mkongwe, mwezi Juni jua linazama zaidi ya digrii 20 kaskazini ya magharibi, na Desemba linazama zaidi ya digrii 20 kusini yake. Tofauti hiyo ni pana kuliko kile ambacho lenzi ya milimita 50 inaona. Mnara uliolibeba jua mwezi wa sita hautalibeba mwezi wa kumi na mbili.

Kwa sababu hiyo siwezi kukaa kimya kuhusu zile picha za tembo wa Amboseli wenye jua kubwa jekundu linalozama nyuma ya Kilimanjaro. Ukiwa Amboseli mlima uko kusini, na jua halichomozi wala halizami kusini katika nchi hizi, mwezi wowote. Jua lile limebandikwa. Anayetaka jua nyuma ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ahame yeye: akiwa kilele cha Mlima Meru mwanzoni mwa Mei au mwanzoni mwa Agosti litachomoza upande ule uliko mlima, na kutoka sehemu za Tsavo Magharibi linaweza kuzama huko. Anayebaki Amboseli aamke kabla mawingu hayajafunga kilele, akiutazama mlima, jua likiwa kushoto kwake nje ya fremu, likiipaka theluji rangi kutoka ubavuni.