Gangilonga inatajirika au inazeeka?

Ubishi kuhusu Gangilonga na Wilolesi, uzunguni kwa Iringa, una pande mbili. Wapo wanaosema wenye nacho wanazidi kujaa huko: ghorofa zinainuka, kuta zinarefushwa. Wengine wanasema mtaa umeshuka, maana nyumba za enzi ya mkoloni zimegeuka hosteli, ofisi na nyumba za kulala wageni. Kila upande una nyumba za kukuonyesha kwa kidole.

Takwimu hazimalizi ubishi huo. Manispaa ya Iringa ilikuwa na watu 151,345 kwenye sensa ya 2012 na 202,490 mwaka 2022, yaani imeongezeka kwa theluthi. Ila karani wa sensa hakuulizii kipato. Kinachouliza ni Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya, na ule wa 2017/18 matokeo yake yanaishia ngazi ya mkoa. Anayekutajia wastani wa kipato cha kata moja, muulize kautoa wapi. Na hata angeupata: chukua kaya tisa za shilingi 800,000 kwa mwezi, ongeza moja ya 8,000,000. Wastani unaruka hadi 1,520,000, kiasi ambacho hakuna kaya hata moja inayokipata.

Kinachoeleza mambo vizuri zaidi ni umri wa wenye nyumba. Kuanzia 2002 serikali iliwauzia watumishi wake nyumba walizokuwa wakiishi. Aliyenunua akiwa na miaka 40 alifika 60, umri wa kustaafu kwa lazima, mwaka 2022, mwaka uleule kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, kilipompa mkupuo wa asilimia 33 ya mafao yake (kikapandishwa hadi 40 mwaka 2024). Ana kiwanja cha thamani na pensheni isiyotosha hata kubadilisha bati. Hauzi, kwa sababu hakuna kinachomsukuma: kodi ya jengo ni shilingi 1,500 kwa mwezi kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa nyumba isiyo ya ghorofa, iwe Gangilonga au Mtwivila, mtaa wa watu wa kawaida mjini humo, na mzee wa miaka 60 husamehewa kwa nyumba anayoishi. Basi anapangisha vyumba, au anahamia nyumba ya uani na kuiachia taasisi nyumba kubwa. Nyumba huja kuuzwa mwenyewe akishafariki, warithi wakishindwa kuelewana nani abaki nayo. Nusu ekari, takriban mita za mraba 2,000, hapo inakatwa viwanja vitatu au vinne.

Wanunuzi ndio wanaoupa nguvu upande wa kwanza. Wengi wana fedha za mbao za Mafinga au parachichi za Njombe. Wanajenga nyumba ya vyumba vitano, kisha anayelala humo ni mlinzi na mtoto anayesoma. Utajiri unaonekana ukutani, lakini kwa siku nyingi za mwaka dukani na sokoni hauonekani.

Kundi la tatu husahaulika: wafanyakazi wa miradi ya afya. Maambukizi ya VVU katika utafiti wa 2022/23 yalikuwa asilimia 12.7 Njombe na 11.1 Iringa, na fedha za wafadhili zikafuata tatizo. Miradi ilipanga nyumba nzima, ikilipa kwa wakati. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, mwenye nyumba aliyetegemea mpangaji wa namna hiyo alibaki na nyumba ambayo familia ya kawaida haiwezi kuilipia.

Hapo ndipo hosteli inaingia, na shida yake iko chini ya ardhi. Shimo la maji taka lililochimbwa kwa watu sita, kila mmoja akitumia lita 80, hupokea lita 480 kwa siku. Weka wanafunzi 24, zinakuwa 1,920. Penye mwamba chini ya udongo mfupi, kama sehemu nyingi za vilima hivi, maji hayafyonzwi ardhini, shimo linafurika, na gari la kunyonya linaitwa kila baada ya muda mfupi. Hapo majirani wana haki ya kulalamika, kuliko wanapolalamikia kelele.

Kwangu, wanaosema mtaa umeshuka wanaona sawa ila hali hiyo wanaipa jina baya: mtaa ulioishi kwa mshahara sasa unaishi kwa kodi ya pango. Zamani mtaa wa wakubwa ulijulikana kwa kodi ya dola, lakini kanuni za Machi 2025 zimezuia bei za fedha za kigeni. Siku hizi uliza malipo ya mbele. Mwenye nyumba aliyekuwa akidai mwaka mzima sasa akikubali miezi mitatu, utajua wapangaji wanaomfikia ni wa aina gani.