Akaunti ya msingi Uingereza: haki inayonyamaziwa kaunta

Mwaka jana nilimsindikiza mama mmoja wa Bukavu hadi tawi la benki moja kubwa, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa amepata kazi ya usafi na mwajiri alitaka namba ya akaunti kabla ya Ijumaa. Usiku wa kuamkia siku hiyo tulifanya mazoezi ya sentensi moja ya Kiingereza ili aiseme mwenyewe: naomba kufungua akaunti ya msingi. Aliisema vizuri. Karani, kijana mpole kabisa, akamjibu kwamba ipo akaunti nzuri kuliko hiyo, akageukia kompyuta na kuanza kujaza fomu ya akaunti ya kawaida. Wiki mbili baadaye ikaja barua kwamba ombi limekataliwa. Akaunti ya msingi haikutajwa humo hata kwa neno moja.

"Mimi nilitaka ya kuingiza mushahara tu," mama aliniambia. "Sikuomba deni."

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, kwa sababu sidhani karani yule alikuwa na nia mbaya. Kuna hoja za kweli upande wa benki, na mtu asiyezisikiliza hataelewa kwa nini mambo haya yanaendelea kutokea mbele ya sheria iliyoandikwa waziwazi.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Akaunti ya msingi inapokea mshahara na posho za serikali, ina kadi ya debiti, inaruhusu kutoa pesa kwenye mashine na kulipa bili zinazokatwa zenyewe kila mwezi. Kisichokuwamo ni ovadrafti, yaani ruhusa ya kutumia pesa ambazo huna. Akaunti hizi zilienea kuanzia Aprili 2003, serikali ilipoanza kuachana na vitabu vya posta na kulipa pensheni na posho moja kwa moja benki. Kwa miaka zaidi ya kumi zilikuwa na mtego wake: bili ikigonga mwamba kwa kukosa salio, benki nyingine zilitoza hadi pauni 35. Desemba 2014 wizara ya fedha ilikubaliana na benki tisa kubwa, zikiwemo Barclays, HSBC, Lloyds, Santander na Nationwide, kwamba tozo hizo ziondolewe. Mwaka 2015 zikaja kanuni za akaunti za malipo, ambazo sehemu yake kuhusu akaunti ya msingi ilianza kutumika Septemba 2016. Benki zilizoteuliwa zina siku 10 za kazi kufungua akaunti au kukataa baada ya kupokea ombi lililokamilika. Zikikataa, kwa kawaida lazima zieleze sababu kwa maandishi. Haziruhusiwi kumlazimisha mteja anunue huduma nyingine ndipo afunguliwe.

Sasa hoja ya benki. Karani anayemwelekeza mteja kwenye akaunti ya kawaida anaweza kuwa anamtakia mema. Akaunti hiyo nayo haina ada ya mwezi kwa kawaida, ina huduma zaidi, na inamwachia mteja nafasi ya kukua. Mgeni anayetaka siku moja kukopa fedha za nyumba anahitaji kuanza kujenga historia ya mikopo, yaani kumbukumbu za jinsi anavyokopa na kulipa, na wapo wanaolalamika kwamba walipewa akaunti ya msingi kama watu wa daraja la pili bila hata kuulizwa kipato chao. Ovadrafti pia haiji kwa nguvu. Mtu anaweza kuikataa. Hoja hii ina uzito. Najua wenzetu waliofika na shahada na kazi nzuri, ambao akaunti ya msingi ingewabana bure.

Kuna pia hofu, na hii watu wa nje huidharau. Sheria ya uhamiaji ya 2014 inakataza benki kumfungulia akaunti mtu asiye na kibali cha kukaa nchini. Juu ya hapo ziko sheria za utakatishaji fedha. Desemba 2021 NatWest ilitozwa faini ya pauni milioni 264.8 mahakamani kwa kushindwa kumdhibiti mteja mmoja wa biashara, na mwaka uliofuata Santander UK ikatozwa pauni milioni 107.7 na mamlaka ya usimamizi wa fedha, FCA. Karani anayeona mbele yake hati ya safari ya mkimbizi, mkataba wa kupanga wenye jina la mtu mwingine, na mteja asiyejua Kiingereza sawasawa, anaijua hatari ya kukosea. Njia aliyofundishwa zaidi ndiyo atakayoishika, nayo ni fomu ya akaunti ya kawaida.

Hadi hapo nakubaliana na benki. Ninapotengana nazo ni kwenye neno "bora". Bora kwa nani?

Akaunti ya msingi hugharimu benki bila kuiletea mapato mengi, wakati ovadrafti ni biashara. FCA ilipochunguza ilikuta kwamba mwaka 2017 benki zilipata zaidi ya pauni bilioni 2.4 kutokana na ovadrafti. Takwimu ya mwaka wa nyuma yake ndiyo iliyonishtua zaidi: zaidi ya nusu ya tozo za ovadrafti isiyopangwa, yaani pale mtu anapopitiliza salio bila kukubaliana na benki kwanza, zilitoka kwa asilimia 1.5 tu ya wateja. Kikundi kidogo cha watu wanaoishiwa pesa kila mwezi kilikuwa kinabeba mzigo mkubwa kiasi hicho. Tangu Aprili 2020 tozo za siku kwa siku zimepigwa marufuku na ovadrafti inalipiwa kwa riba moja, lakini benki nyingi kubwa ziliiweka riba hiyo karibu na asilimia 40 kwa mwaka. Mfanyakazi wa usafi anayelipwa kwa saa, ambaye wiki hii ana zamu tano na ijayo mbili, ndiye hasa atakayeteleza humo. Kwake, akaunti inayogoma salio likiisha ni kinga. Hiyo ndiyo bora.

Halafu kuna gharama ya kukataliwa, ambayo karani haioni. Ombi la akaunti ya kawaida hupimwa kwa historia ya mikopo, na aliyefika nchini mwaka jana hana historia yoyote. Upekuzi huo unaweza kubaki kwenye kumbukumbu zake, wakopeshaji wengine wakauona. Mama wa Bukavu aliomba kitu ambacho huenda angekipata, akaombewa kitu ambacho ilikuwa rahisi kukisiwa kwamba angekikosa, kisha akaachwa na barua. Mshahara wake wa kwanza uliingia kwenye akaunti ya binamu yake. Binamu ni mtu mwema, lakini si kila mmoja ana binamu wa namna hiyo. Na benki yenyewe ikiona mishahara ya watu wawili inapita kwenye akaunti moja, inaweza kuifungia akaunti hiyo kwa kuishuku.

Wengine wananiambia tatizo limeshaondoka, kwa kuwa benki za mtandaoni kama Monzo na Starling humfungulia mtu akaunti kwa simu bila kuingia tawini. Kwa vijana ni kweli kwa kiasi kikubwa. Kwa mama asiye na simu janja, au mwenye kitambulisho ambacho kamera ya programu haikitambui, kilichobaki ni tawi, na matawi zaidi ya 6,000 yamefungwa Uingereza tangu 2015. Kwa hiyo karani mmoja aliyebaki mjini ana uzito kuliko zamani.

Naona kasoro kubwa iko kwenye mpangilio wa foleni. Masharti ya kupata akaunti ya msingi yanataja asiye na akaunti, asiyestahili akaunti ya kawaida, na aliyekwama kwenye matatizo ya kifedha. Baadhi ya benki huyatumia kana kwamba kila mtu apimwe kwanza kwa akaunti ya kawaida, na ya msingi iwe makombo ya aliyeshindwa. Benki ikichagua mpangilio huo, basi angalau ombi linalokataliwa liingie lenyewe kwenye ombi la akaunti ya msingi, siku ileile, kwa karatasi zilezile, bila mteja kupanda basi tena. Tangu Julai 2023 FCA inazitaka kampuni za fedha zimsaidie mteja aelewe anachochagua na apate matokeo mazuri. Sioni namna ya kutimiza hilo huku ukinyamazia bidhaa ambayo mteja ameitaja kwa jina.

Tulirudi tawini Jumanne moja asubuhi. Safari hii mama alishika karatasi yenye mistari mitatu: jina la akaunti anayoitaka, kwamba hataki ovadrafti, na kwamba akikataliwa anaomba sababu kwa maandishi. Nilikuwa nimemweleza pia kwamba malalamiko yasipojibiwa ndani ya wiki nane anaweza kuyapeleka Financial Ombudsman Service, chombo kinachoamua migogoro kati ya wateja na benki, bila kulipa chochote. Karani alikuwa mwingine, dada mtu mzima. Aliisoma karatasi, akaingia ndani kumuuliza meneja, akatoka na fomu tofauti. Kadi ilifika siku ya sita. Mama alilipwa mshahara wa tatu kwa jina lake mwenyewe, na jioni ile alimpigia binamu simu kumwambia: mshahara wangu hautapitia tena kwako.