Ndevu za kaka ziheshimiwe, za dada zichekwe?

Juzi kwenye grupu la kamati ya harusi, lile la michango na vitambaa vya sare, kuna mtu katupia picha ya binti wa Kikalasinga amesimama kwenye foleni ya supamaketi. Kilemba cheusi kichwani, bangili ya chuma mkononi, ameshika trei ya mayai, na juu ya mdomo sharubu zake zaonekana wazi. Hajui kama anapigwa picha. Chini yake emoji za kucheka zikamiminika, mmoja akauliza huyu ni bwana harusi au bi harusi, mwengine akaandika wembe ni pesa ngapi jamani si tumchangie. Nikaandika futeni hiyo picha. Nikajibiwa eti ni utani tu, nisipandwe na presha. Nimetoka kwenye grupu, mchango wangu nimempelekea mamake bi harusi mkononi, lakini hasira haijaisha, ndo manake niko hapa.

Yule binti kioo kwao kipo. Anajua fika kilichoko usoni mwake na amekiacha makusudi, kwa ajili ya dini yake. Guru Gobind Singh, kiongozi wao wa kumi, alipoanzisha Khalsa, jumuiya ya waliokula kiapo cha dini yao, pale Anandpur, India, mwaka 1699, siku ya Vaisakhi, nywele zisizoguswa ziliingia kwenye vile vitu 5 ambavyo aliyekunywa amrit, yale maji matamu ya kiapo, haachani navyo, pamoja na kitana, bangili ya chuma, upanga mdogo na ile suruali fupi ya ndani. Na si nywele za kichwa peke yake, ni mwili mzima. Kanuni zao zina makosa makubwa 4, na kuondoa nywele kumewekwa pamoja na zinaa na tumbaku. La nne ni kula nyama iliyochinjwa kwa taratibu zetu sisi Waislamu, na hilo mimi halinikeri, kila mtu na dini yake. Nachotaka muone ni uzito. Kwa huyo binti kupitisha wembe juu ya mdomo si jambo la urembo, ni kuvunja ahadi aliyomuwekea Mungu wake mbele ya watu, na nyie mwataka aivunje ndo mpate picha ya kupendeza machoni mwenu!

Sasa hapa ndo panaponiuma. Ile amrit wanaume na wanawake wanakunywa ile ile, sharti ni lile lile, yule ataitwa Singh na huyu Kaur, basi. Lakini macho yetu yamegawa. Kalasinga mwanamume mwenye ndevu hadi kifuani tumemzoea tangu babu zao walipokuja kujenga reli 1896, fundi wa mbao, fundi wa magari, mwenye duka la vyuma, na tunamwita mzee kwa heshima zote. Joginder Singh alishinda Safari Rally mara 3, 1965, 1974 na 1976, na kilemba chake na ndevu zake, nchi nzima ikamshangilia. Nani aliwahi kumwambia Joginder Singh akanunue wembe? Nani alimpiga picha kwa kujificha akaisambaza na emoji za kucheka? Wakifundishwa mtu na dadake somo moja katika nyumba moja, kaka akilishika anaonekana ana msimamo, dada akilishika anaonekana hajijui. Msinambie hiyo ni tabia ya maumbile ati mwanamke hakuumbwa na ndevu, manake kama hakuumbwa nazo mngekuwa mnamcheka kwa lipi? Zimeota zenyewe. Aliyeziotesha ndo yule yule aliyeotesha za kaka.

Na hii ya kupigana picha haijaanza kwetu. Mwaka 2012 kule Marekani mwanafunzi mmoja wa kike wa chuo kikuu cha Ohio State, Kalasinga mwenye kilemba na ndevu changa, alipigwa picha uwanja wa ndege bila habari na mtu asiyemjua, picha ikawekwa mtandaoni watu wacheke. Yule dada aliposikia aliingia mwenyewe akajibu, bila tusi hata moja. Akaeleza kwamba mwili ni zawadi ya Mungu naye anaurudisha kama alivyopewa, kwamba akifa uso utaoza na kitakachobaki ni aliyoyatenda, na akawaambia wakimuona tena waje tu wamsalimie. Mpigaji aliona haya, akaomba msamaha hadharani. Mimi subira ile sina, nakiri, lakini nimeisoma mara nyingi.

Halafu kuna Harnaam Kaur wa Uingereza, mzaliwa wa Slough, ambaye wengi mumeona picha zake. Ana PCOS, tatizo la homoni linalowapata wanawake, ndevu zilianza kumtoka akiwa na miaka 11, shuleni akateswa mpaka akafikiria kujiua. Alipaka dawa za kuzifanya nyeupe, akanyoa, akachuna ngozi kwa waksi hadi ikawa vidonda. Akiwa na miaka 16 akabatizwa katika Usikh, ndo dini hiyo ya Makalasinga, na akaacha kuziondoa. Mwaka 2016 alipita jukwaani London Fashion Week na ndevu zake zote, na Guinness wakamuingiza kwenye kitabu chao cha rekodi za dunia. Namtaja kwa sababu ya hiyo PCOS. Shirika la Afya Duniani, WHO, lakadiria asilimia 6 mpaka 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wanayo, na nywele za kidevuni ni moja ya dalili zake. Yaani tuko nao. Kwenye grupu lile lile lililokuwa likicheka nawajua wenye kibano ndani ya mkoba, ambao kila asubuhi kabla mume hajaamka wanajifungia bafuni na kioo kidogo. Nyie ndo mlipaswa kunyamaza wa kwanza.

Wengine watasema ni usafi. Haya tuzungumze usafi. Kalasinga anayeshika dini yake anachana nywele mara 2 kwa siku kwa kitana cha mbao, anazifunga upya, anaziosha, na nywele ambazo hazijawahi kukatwa tangu kuzaliwa kuziosha na kuzikausha ni kazi ya nusu siku. Kuacha nywele na kuacha kujitunza ni mambo mawili mbali mbali. Sisi dini yetu imetuelekeza vingine, kwapa na sehemu za siri ziondolewe zisipite siku 40, na mimi nafuata hivyo, sina tatizo. Lakini hiyo hiyo dini yetu imekataza kutinda nyusi, kwa maneno makali sana, na Jumamosi nendeni saluni yoyote ya mjini muone foleni ya uzi na wembe wa nyusi ilivyo. Kwa hiyo tunayemcheka ni mtu anayefuata dini yake kuliko tunavyofuata ya kwetu.

Na tusisahau tunavyowafanya mabinti zetu wenyewe. Bi harusi wetu hutolewa malaika, yaani vinyweleo, mwili mzima, hilo mumelizoea hamlioni tena. Sukari na maji ya ndimu sufuriani, moto mdogo, inakorogwa hadi ishike rangi ya asali, inapoapoa, somo, yaani kungwi wake, anaipaka mguuni kwa kidole gumba halafu anavuta kinyume. Binamu yangu alilia. Alishika kona ya leso kwa meno, machozi yakimtiririka masikioni kwa vile alikuwa amelazwa, na kina mama pembeni wanamwambia vumilia mwanangu, ndo uanawake. Mimi nilipitia pia na singo, lile la manukato la kusugulia mwili, nililipenda, harufu yake mpaka leo naikumbuka, sisemi tuache mila. Nasema sisi tunaojua ile sukari inavyouma tungekuwa na huruma kidogo kwa aliyeamua kutopitia.

Sasa Makalasinga wenyewe, manake najua watakuja hapa kuniambia dada huyajui ya ndani. Kweli, wengi wa mabinti zao wanatoa. Wako wanaotinda, wanaopaka waksi, wanaokata nywele mabegani, na hao sina neno nao, mwili ni wao na ahadi ya amrit si kila mtu ameichukua. Ninao ugomvi na vijana wa kiume wa kule kule, ndevu zao zimefungwa vizuri na wavu, kilemba kimenyooka, wakitaka mke wanataka asiye na unywele hata mmoja usoni. Sheria waliyoshika wao wakiwa na raha zao hawaitaki kwenye uso wa mke.

Na pia upande wa pili upo na haunipendezi. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Punjab na Haryana ilikubaliana na chuo kimoja cha udaktari cha Amritsar kilichomnyima msichana nafasi zilizotengewa Makalasinga kwa sababu alikuwa ametinda nyusi. Nakubali, shingo upande, kwamba dini ina haki ya kusema nani ni wake, na nafasi zile zilikuwa za dini. Lakini binti anakosa udaktari kwa nyusi? Anayepima nyusi za binti kwa rula na anayemcheka sharubu wote wanashughulika na uso usio wao. Hapa kwetu Kenya 2019 si tuliona msichana wa Kirasta anarudishwa nyumbani na shule kwa sababu ya rasta zake mpaka kesi ikafika Mahakama Kuu, na akashinda.

Mwenye kunifundisha haya hakuwa mtandaoni. Anayesafiri Mombasa–Nairobi kwa gari anaijua Makindu, kwenye gurdwara, hekalu la Makalasinga, ya tangu 1926, unavua viatu, unafunika kichwa, unalishwa dengu na chapati bure na hakuna anayekuuliza dini. Nilikaa na mama mmoja mzee jikoni akisukuma chapati, kidevuni ana ndevu nyeupe chache, ndefu. Mazungumzo yalianza na nyusi zangu, aliziangalia akatabasamu akauliza, "Mwanangu, hiyo haiumi?" Nikamwambia yauma mama. Akanieleza alipokuwa msichana Kisumu shangazi yake alikuja na uzi kumtoa sharubu kabla wageni wa posa hawajafika, yeye akakataa, akakaa hivyo hivyo mbele ya wageni. Posa mbili zikarudi. "Ya tatu ikakaa," akasema, na akanionesha kwa mkono wenye unga mzee mmoja nje anayewagawia madereva wa lori chai. Wana wajukuu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wale ambao kweli hukutana na hawa mabinti ana kwa ana, mafundi wa saluni na wapaka hina wa mji huu. Akija akakaa kwenye kiti chako msimshike kidevu mkamuuliza "na hizi je, nikutolee?", msimpe bei ya waksi ambayo hakuiuliza, msimuangalie kupitia kioo mkakonyezana na mwenzenu. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na nimeona binti akijifunika mdomo kwa mtandio mpaka hina ikaisha. Amekuja kupaka hina. Mpake hina, pokea pesa yako, mwambie karibu tena.